Mlango wa Mashariki

Minyororo ililetwa Jumatatu ndani ya boksi, na juu ya boksi palikuwa pameandikwa jina la Hasina kwa wino mweusi. Ilikuwa minne, mipya, bado inanuka mafuta ya dukani, kila mmoja na kufuli lake. Mkuu wa shule, Bwana Tidwell, aliitoa mmoja mmoja akaipanga mezani, kisha akamweleza kazi yenyewe. Kila asubuhi, kengele ya kwanza ikishalia, azungushe mnyororo kwenye vyuma vya kusukumia vya milango ya pembeni, atie kufuli. Saa tisa alasiri afungue.

"Moto ukitokea?" Hasina aliuliza.

"Funguo unazo wewe," Bwana Tidwell akasema. "Na wewe uko hapa kutwa. Ni dakika tatu tu."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfumba Hasina mdomo. Miezi miwili nyuma alimwona mtu huyu akilia kanisani mbele ya jeneza la Ushindi mpaka miwani ikamteleza puani. Ushindi alikuwa mwanafunzi wao, mtoto wa wakimbizi wa Kongo waliotoka Uvira, mrefu, mwenye tabia ya kucheka kabla hajafika kwenye kichekesho chenyewe. Wavulana wawili waligombana kwenye uwanja wa magari ubavuni mwa shule, wakati wa kutoka, na mmoja akachomoa bastola garini mwake. Risasi haikuwa ya Ushindi. Yeye alikuwa akipita kwenda kungoja basi, kitabu cha kemia mkononi, ikampata yeye.

Tangu siku hiyo shule ya Harlan Creek iligeuka. Mlango wa mbele uliwekwa mashine ya kukagua vyuma, na watoto elfu mbili na zaidi wakawa wanapanga foleni asubuhi mpaka barabarani. Mikoba ya kawaida ilipigwa marufuku. Kila mtoto akabeba wa plastiki unaoonyesha vya ndani, hata wasichana vitu vyao vya siri vikawa vinatazamwa na kila mpita njia. Mwaka ulikuwa bado haujatimia tangu yale mauaji ya shule ya Colorado, na wazazi walipiga simu kila siku kuuliza kumefanywa nini. Bwana Tidwell alitaka awe na la kuwajibu. Na kwa kuwa watoto wenyewe walikuwa wakiwafungulia wenzao waliochelewa milango ya pembeni, jibu lake la mwisho likawa ni hiyo minyororo.

Hasina akaifunga.

Kule Mombasa alikuwa mwalimu wa baiolojia kwa miaka kumi na mmoja, na watoto wa darasa zima walikuwa wakinyamaza kwa kusikia viatu vyake tu. Huku Houston vyeti vyake vilikaa katika bahasha chini ya godoro, na yeye akapiga deki. Hakulalamika sana. Walikuja kwa ile bahati nasibu ya viza, yeye, mumewe Munir na binti yao Nahla, na mwaka wa kwanza Munir aliendesha teksi ya uwanja wa ndege, mambo yakaenda. Mwaka wa pili figo zake zikagoma. Sasa mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye kiti cha ngozi kando ya mashine ya kusafisha damu, kwa saa nne, damu yake ikitoka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine, na aliyekuwa akiendesha ile mashine si mwingine ila bima ya kazi ya Hasina. Kazi ikienda, bima imekwenda. Hilo halikuhitaji kusemwa nyumbani mwao. Lilikaa nao mezani kama mtu wa nne.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Bwana Tidwell hakuweza kulijua. Miaka miwili nyuma, kule kwao pwani, bweni la wasichana liliungua. Madirisha yalikuwa na vyuma, mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na wasichana walikutwa wamerundikana mahali ambapo walidhani watatokea. Mmoja wao alikuwa Intisar, mtoto wa binamu yake Hasina, wa miaka kumi na mitano. Hasina alipata habari kwa simu, amesimama jikoni katika fleti yao, na Nahla alimwona akikaa chini sakafuni bila kutafuta kiti. Baadaye, Nahla alipouliza, alimweleza yote bila kumficha.

Kwa hiyo kila asubuhi, mnyororo ulipopiga kelele kwenye chuma, Hasina alisoma Bismillahi kimoyomoyo, na kila alasiri alipoufungua alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu saa mbili. Katikati alifanya kazi zake bila kwenda mbali na milango. Alihesabu hatua. Kutoka maktaba mpaka mlango wa kaskazini, tisini na moja. Kutoka vyoo vya ghorofani mpaka mlango wa maabara, mia moja na arobaini na ngazi mbili. Dakika tatu, alisema Bwana Tidwell. Aliwahi kuzipima kwa saa yake, akitembea upesi bila kukimbia. Zilikuwa nne na nusu.

Wiki ya pili alikuja mkaguzi wa zimamoto. Naibu wa mkuu wa shule, kijana mmoja mwenye shingo nyekundu na redio kiunoni, alimjia Hasina nusu saa kabla. "Vile vitu vyetu," alisema, "viondoe kwanza." Hasina akaifungua yote minne, akaitia ndani ya ndoo ya deki, akaifunika kwa matambara. Mkaguzi alipishana naye ana kwa ana, mzee mwenye masharubu, akamwamkia vizuri, akasukuma kila mlango, kila mlango ukafunguka. Ndoo ilikuwa hatua mbili tu kutoka alipo. Hasina alitazama ile ndoo, akatazama mgongo wa yule mzee, na mgongo ukaondoka. Saa sita mchana minyororo ilikuwa imerudi mahali pake.

Siku hiyo ndiyo siku Nahla alipomwona.

Hawakuwa wakiamkiana shuleni. Yalikuwa makubaliano yao tangu mwanzo, ingawa hayakutamkwa: Nahla ana miaka kumi na saba, anapita koridoni na rafiki zake, na mama yake yuko hapo na fagio, mmoja anatazama juu na mwingine anatazama chini, basi, hakuna aliyekosewa adabu. Lakini siku hiyo Nahla alisimama. Aliukodolea macho mnyororo ulio mikononi mwa mama yake mpaka rafiki zake wakamvuta mkono.

Alasiri alimkuta jikoni akichambua mchele.

"Ni wewe unayefunga?"

"Ni kazi nimepewa."

"Mama, wewe ndiye uliyenihadithia habari za Intisar. Wewe. With your own mouth."

"Nahla, baba yako kalala. Punguza sauti."

"Kila mtu shuleni anauliza nani anafunga, and I'm like, sijui, some janitor." Alisukuma kando sinia la mchele. "Ushindi hakuuliwa kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Ameuliwa nje, na mtoto mwenye bastola ya baba yake. Hamtulindi. Mnatufungia tu."

Hasina alitaka kusema kwamba yeye si 'nyinyi', kwamba hakuna mahali popote katika shule ile ambapo yeye ni 'nyinyi'. Badala yake akasema, "Unataka baba yako akasafishiwe damu wapi? Kwenye sinki hili?" Na mara alipolisema akajuta, kwa kuwa Munir hakuwa amelala. Walimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, kile kikohozi cha mtu anayetaka kujulikana kuwa yupo.

Ndipo maneno ya mgomo yalipoanza. Hayakuwa mabaya. Watoto walitaka, Alhamisi saa nne asubuhi, watoke madarasani kimya kimya, waende mpaka pale uwanjani alipoanguka Ushindi, wasimame dakika kumi na saba, moja kwa kila mwaka wa umri wake, kisha warudi darasani. Waliandika barua yenye mambo mawili: minyororo iondolewe, na mshauri wa wanafunzi, ambaye nafasi yake ilifutwa mwaka uliopita, arudishwe. Barua ilitiwa sahihi na wanafunzi mia tatu. Jina la kwanza lilikuwa la Nahla. Bwana Tidwell alijibu kwa kipaza sauti kwamba anaelewa uchungu wao, na kwamba hakuna atakayetoka nje, kwa usalama wao wenyewe.

Jumatano Hasina alipita Stafford, kwenye ghala la vifaa vya hospitali ambako Clothilde, mama yake Ushindi, alifanya kazi ya kufunga maboksi. Alimkuta mapumzikoni, amekaa kwenye ukingo wa saruji, ana fulana ya kazi ya rangi ya machungwa. Alimwambia watoto wanataka kufanya nini.

"Bananiambia," Clothilde alisema. Alikuwa ameshika chupa ya maji bila kuifungua. "Mama Nahla, sisi tulikimbia masasi kule, marisasi ya vita. Nilikokota Ushindi ku mukono siku ine. Nikafika huku, nikasema, sasa mutoto atakufa muzee." Kisha akauliza, "Na njo weye iko unafunga milango?"

"Ndiyo mimi."

Clothilde hakumtukana. Alitikisa kichwa polepole, akasema, "Pole," na lile neno lilimwingia Hasina kuliko tusi lolote.

Alhamisi saa tatu na nusu redio yake ililia. Ilikuwa sauti ya yule naibu. Mlango wa mashariki, ule mkubwa wa pande mbili ulio karibu na mkahawa wa shule, ambao mpaka siku hiyo haukuwahi kufungwa kwa sababu ndio unaotokea uwanja wa magari, ufungwe sasa hivi. Atumie mnyororo wa maabara, auzungushe mara mbili. Kisha asimame hapo hapo asiondoke.

"Hapa ndipo watakapokuja," Hasina alisema katika redio.

"Ndiyo maana," ikamjibu.

Alizungusha mara mbili, akatia kufuli, akautia mgongo mlango. Kupitia kidirisha chembamba aliona jua limepiga juu ya paa za magari. Saa nne kamili alisikia viti vikisogezwa, kwanza kwa mbali ghorofani, kisha kila mahali, kama mvua inapoanza upande mmoja wa paa na kuja mpaka upande mwingine. Halafu nyayo. Hapakuwa na kelele wala nyimbo. Wakatokea kwenye pembe ya korido, mia mbili, mia tatu, wamejaza ukuta hadi ukuta, na mbele yao alikuwa binti yake, na mtandio mweupe aliouvaa siku ya Idi.

Walisimama hatua tatu kutoka kwake. Nahla alitazama mnyororo, kisha akamtazama yeye usoni, mbele ya shule nzima.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika. "Tufungulie."

Minong'ono ikapita nyuma yake. Her mom. That's her mom. Hasina alihisi uso unawaka moto. Kwa miaka miwili alikuwa akingoja kuitwa jina hilo ndani ya jengo lile, na limekuja hivi.

"Siwezi, mwanangu."

"Funguo ziko hapo kiunoni mwako."

"Nahla. Unajua kwa nini siwezi."

Nahla alizitazama zile funguo. Alijua. Kisha akageuka, akawaambia wenzake kwa Kiingereza kwamba basi, watakaa hapa hapa, dakika kumi na saba zao watazikalia hapa. Akaketi sakafuni, miguuni mwa mama yake. Walioko mbele wakaketi. Walioko nyuma hawakuweza, nafasi ilikuwa ndogo. Wakabaki wamesimama, wamebanana mpaka kwenye milango ya mkahawa. Redio ilisema, "Usifungue. Polisi wanakuja. Usifungue." Dakika moja ikapita, ya pili, ya tano. Msichana mmoja alikuwa akilia kimya kimya. Ilikuwa joto, na harufu ya jasho na ya sabuni ya deki ya Hasina mwenyewe.

Mlio ulitoka mkahawani. Tang! Na mwingine, na mwingine, mfululizo, mikavu, ya chuma.

Mtu akapiga kelele, "Gun!"

Baadaye ilijulikana kwamba ni rundo la viti vya kukunja lililoegemezwa ukutani na kusukumwa na mgongo wa mtu. Lakini wakati ule hapakuwa na viti katika akili ya mtu yeyote. Palikuwa na Ushindi, na Colorado. Umati wote ulikuja mlangoni kwa pamoja. Waliokaa hawakupata kuinuka. Hasina aliona mtandio mweupe ukizama, akainama, akaukamata mkono wa Nahla, akamvuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo, akamsimamisha ubavuni pake, na papo hapo uzito ukafika.

Hakuwahi kufikiri kwamba watu wanaweza kuwa wazito namna hiyo. Mgongo wake ulibanwa kwenye chuma cha mlango mpaka pumzi ikamtoka na isirudi. Mkono wa kushoto ulinaswa nyuma, kati ya mnyororo na kiuno. Alisikia mfupa wa kifundo ukilia, tak, wala hakuhisi maumivu. Uso wa msichana asiyemjua ulikuwa umegandana na shavu lake, midomo imeanza kupauka. Mbele yake yalikuwa macho, macho matupu, na nyuma yao vichwa hadi mwisho wa korido, na wote bado wanasukuma. Hawa ndio wale, aliwaza. Hivi ndivyo walivyokuwa. Intisar alikuwa hivi.

"Nahla," alisema kwa pumzi iliyobaki. "Kiunoni. Zichomoe."

Alihisi vidole vya binti yake vikipapasa ubavuni pake, vikazing'oa funguo pamoja na kitanzi cha mkanda. Zilikuwa kumi na tisa, zote zinafanana.

"Ipi? Mama, which one?"

"Fupi. Yenye jino lililovunjika. Ishike kwa kidole, usitazame."

Nahla alizama chini ya kwapa lake. Hasina alisikia chuma kikigonga chuma, kikikosa, kikigonga tena. Kisha kufuli likalia. Lakini mnyororo haukuanguka. Milango ilikuwa ikifunguka kwa nje, na kwa jinsi walivyokuwa wakiisukuma, mnyororo ulikazika kama waya. Kufuli limefunguka na halichomoki. Nahla alivuta kwa mikono yote miwili. "It won't come! Mama, halitoki, wanasukuma!"

Hapo ndipo sauti ilipomtoka Hasina, na haikuwa sauti ya mtu wa deki. Ilikuwa ile ya miaka kumi na mmoja, ya chumba cha watoto hamsini na mchana wa joto la Mombasa.

"RUDINI NYUMA!"

Hakuna aliyeelewa neno, na wote walielewa. Kwa nukta moja kila kitu kilisimama. "Back!" akasema tena. "Hatua moja! One step! Wewe mrefu, geuka, waambie wa nyuma, hatua moja!" Mvulana mrefu aliyekuwa mbele yake akageuka kweli, akapaza sauti, na wa nyuma yake akaipokea, na neno likaenda mkono kwa mkono mpaka mwisho wa korido: step back, step back. Uzito ukapungua. Si hatua, hata nusu hatua haikuwa. Labda upana wa kiganja. Ukatosha. Kufuli likachomoka, mnyororo ukamiminika miguuni mwao, na mlango wa mashariki ukafunguka kwa kishindo, wakatapikwa nje, kwenye jua.

Hakufa mtu. Kila mmoja alilirudia hilo kutwa nzima, walimu, polisi, watu wa gari la wagonjwa. Yule msichana aliyegandana na Hasina, jina lake Élodie, alivunjika mbavu tatu na kulazwa siku nne. Wengine tisa waliumia mikono na miguu. Hasina alifungwa plasta kuanzia vidole mpaka kiwiko.

Ijumaa aliitwa ofisini. Bwana Tidwell alionekana hakulala. Naibu alikaa dirishani. Palikuwa na karatasi mezani, mistari sita iliyopigwa chapa, inayosema kwamba mlango wa mashariki ulikuwa na hitilafu ya kitasa, ukakwama, na kwamba Bi Hasina alijitahidi kwa ushujaa kuufungua. Mahali pa sahihi palitiwa alama ya msalaba.

"Mlango haukukwama," Hasina alisema.

Bwana Tidwell alivua miwani. "Hakuna amri iliyoandikwa," alisema kwa upole, na Hasina aliamini kuwa upole ulikuwa wa kweli. "Unaelewa? Mimi sikuandika, na yeye hakuandika. Iliyopo ni minyororo tu, na boksi lenye jina lako, na funguo ulizokuwa nazo wewe peke yako. Sitaki jambo hili likuangukie. Ukitia sahihi, halitamwangukia mtu. Nipe jibu Jumatatu."

Alikwenda nayo nyumbani ikiwa imekunjwa ndani ya mkoba. Munir alikuwa ametoka kwenye mashine, amejilaza sebuleni, amekauka kama kitambaa kilichokamuliwa. Aliisoma mara mbili.

"Unasemaje?" Hasina aliuliza.

"Nikisema utie sahihi, nitakuwa nimeomba uhai wangu kwa uongo. Nikisema usitie, nitakuwa nimejifanya shujaa kwa jasho lako." Alimrudishia karatasi. "Usinifanye mimi ndiye kufuli, Hasina. Mimi ni mgonjwa tu."

Nahla alikuwa amesimamishwa masomo siku kumi. Alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba chake, ana alama ya mnyororo kwenye kiganja, nyekundu, pete kwa pete. Hasina alingojea yale maneno ya jikoni yarudi.

"Tia sahihi, Mama," Nahla alisema. "Please. Nilikuwa pale. Nilidhani utakufa. I don't care about the letter tena. Tia tu, Baba awe sawa."

Hasina hakuwa ametarajia hilo. Kumbe siku zote alitegemea kwamba mmoja wao atamsukuma, huku au kule, naye ataweza kuwalaumu. Sasa kila upande palikuwa wazi, na hakuweza kutoka. Jumamosi alifua, akapika, akamsaidia Munir kuoga. Jumapili alikaa na karatasi mezani kutoka adhuhuri mpaka alasiri.

Alichoandika hatimaye hakikuwa sahihi. Alitoa karatasi nyingine, na kwa mkono wa kulia, kwa Kiingereza safi alichokuwa akifundishia, aliandika kurasa tatu. Aliandika siku boksi lilipofika. Aliandika ya mkaguzi wa zimamoto na ndoo, na hapo kalamu ilisimama muda mrefu, kwa kuwa hakuna aliyeona, na kama asingeandika yeye hakuna ambaye angejua. Akaandika: *Nilimtazama akiondoka, nikanyamaza.* Jumatatu alimpa Bwana Tidwell nakala moja, na nyingine akaipeleka mwenyewe ofisi ya zimamoto. Yule mzee wa masharubu aliisoma amesimama. Alipofika ukurasa wa pili alimtazama juu ya karatasi, wala hakumwamkia tena.

Minyororo iliondolewa siku hiyo hiyo, na shule ikatozwa faini. Mwezi wa sita Bwana Tidwell alihamishiwa makao makuu ya wilaya, ofisi kubwa zaidi, mbali na watoto. Mshauri wa wanafunzi hakurudishwa. Na Hasina aliachishwa kazi kwa barua ya mistari minne, kwa kosa la kufunga milango ya dharura kinyume cha kanuni za usalama.

Alipata kazi ya kutunza wazee huko mji wa Katy, saa moja na nusu kwenda na kurudi, isiyo na bima. Munir akawa mtu wa hospitali ya umma. Huko hawakuwa na kiti chake. Alipaswa kwenda akae ukumbini, na pale damu yake ilipochafuka kiasi cha kutisha, ndipo walipomwingiza. Siku nyingine aliingizwa saa tano. Siku nyingine jua lilizama bado amekaa, miguu imevimba, akitania wauguzi.

Hapo ukumbini ndipo Hasina alipokuwa, Alhamisi ya wiki ya mwisho ya masomo, watoto wa Harlan Creek walipopata ruhusa ya dakika zao kumi na saba. Yeye alikatazwa kukanyaga uwanja wa shule, na isitoshe, Munir alikuwa ameamka anapumua kwa shida. Nahla alikuja moja kwa moja kutoka shuleni kwa mabasi mawili, akaketi katikati ya wazazi wake, mkoba wa plastiki mapajani.

"Walitoka wangapi?" Hasina aliuliza.

"Wengi. Sijui. Almost everybody. Mlango ulikuwa wazi, mwalimu ameushikilia." Aliuweka mkoba sakafuni. "Mama yake Ushindi alikuja. Ametoka kazini, bado ana ile fulana. Akaniuliza ni wapi hasa. I mean, ni wapi alipoanguka. Hakuna aliyewahi kumwonyesha."

"Ukamwonyesha?"

"Palikuwa na gari limeegeshwa juu yake. La mwalimu wa hesabu. Hakuna aliyefikiria kulitoa." Nahla alifuta uso kwa kiganja. "Kwa hiyo akaweka mkono juu ya boneti. Akasimama hivyo mpaka dakika zikaisha. Lilikuwa moto, Mama, jua kali, na hakuutoa mkono."

Munir alikuwa amefumba macho, lakini alikuwa akisikiliza. Vidole vyake vilisogea kwenye mkono wa kiti. Muuguzi alitokea na orodha, akaita jina la mtu mwingine, mwanamke mmoja akainuka kwa taabu kutoka safu ya mbele. Hasina alimtazama akiingia. Kisha akafungua kopo la chakula alilokuja nalo, akampa Nahla kijiko.

"Kula," alisema. "Bado tupo."